Shangazi Doolarie ni Mteja

Watu hudhani msahihishaji wa mitihani huumwa macho. Mimi huumwa tumbo. Kila Julai baraza la mitihani linapotukusanya Port of Spain, Trinidad, kwenye ukumbi wa hoteli wenye kiyoyozi cha kugandisha mifupa, naingia na dawa ya kiungulia mkobani kwa sababu nayajua nitakayokutana nayo. Nimefundisha hesabu za biashara miaka ishirini na miwili kule Couva, na miaka mitatu sasa ni mkuu wa meza ya nne. Sijazoea bado, na sitaki kuzoea.

Kinachokera zaidi ni kwamba wanaanza vizuri. Watoto wa visiwa hivi wana mkono safi. Kichwa cha habari kimekaa katikati, tarehe imeandikwa kamili, jumla imepigiwa mistari miwili kwa rula, tena mistari imenyooka. Kujumlisha wanajua, tena vizuri. Ukitazama karatasi kwa mbali utasema hapa kuna mhasibu.

Halafu unasoma. Kodi ya pango imelipwa ya miezi kumi na minne, mtoto anaibeba yote kama ya mwaka mmoja. Uchakavu wa gari unakatwa kwenye pikipiki. Mizania ikikataa kulingana pande mbili, anatafuta tofauti, anaichomeka upande mfupi, anaiita "Mengineyo". Mengineyo, dola elfu moja mia tatu na arobaini! Mengineyo gani, na yametoka wapi? Naona kinyaa kama nimekuta unywele kwenye supu.

Lakini uchafu mkubwa kuliko wote ni ule wa mwenye duka. Mwenye duka akichukua unga dukani kwake akapike nyumbani, unga ule unatolewa kwenye manunuzi, kwa bei ileile uliyonunuliwa, na unaandikwa kwamba mwenye mali kajichukulia. Basi. Duka ni duka na mwenye duka ni mtu. Hilo ndilo somo la kwanza la fani nzima, na asiyelijua hajui kitu. Sasa kwa miaka mitatu nilikuwa naona watoto kwa mamia wanauongeza unga ule kwenye mauzo, kana kwamba mtu amejiuzia mwenyewe, akajilipa, akajirudishia chenji. Na ujanja wenyewe unanuka, maana faida ghafi inatoka ileile, ukiongeza huku au ukipunguza kule. Mtoto anafurahi, mwalimu wake anafurahi. Wakiulizwa faida ni asilimia ngapi ya mauzo, nyumba yote inaanguka.

Mwaka wangu wa kwanza wa ukuu wa meza nilipewa kazi ya kuandika ripoti, ile inayowaeleza walimu wa visiwa vyote watahiniwa wameweza nini na wamekosea nini. Niliandika: "Kosa hili halikuzaliwa na watoto. Limefundishwa na mwalimu asiye na aibu, ambaye yuko mahali fulani anakula ada za wazazi kwa kuuza takataka." Baraza lilipenda sentensi ile. Mwaka uliofuata waliichapa tena neno kwa neno, nami nikaona fahari.

Mwaka huu Jumatatu asubuhi tulikaa kupitisha mwongozo wa usahihishaji. Bwana Gittens, mtahini mkuu kutoka Barbados, alisimama mbele na tai yake, kitabu cha maamuzi mkononi. Swali la tatu lilikuwa la Bwana Quashie, muuza vifaa vya ujenzi, aliyechukua rangi na misumari ya dola mia sita kukarabati nyumba yake.

Tuna kanuni moja ya huruma. Mtoto akikosea namba moja, kisha akaibeba namba yake hiyo mbovu kwa njia sahihi mpaka mwisho, anakatwa mara moja tu, pale alipokosea. Huko mbele anapata alama zake zote. Tunaiita kanuni ya namba yake mwenyewe.

Yonette Adonis, mwalimu wa Berbice, Guyana, ambaye tumekaa meza moja miaka sita, aliinua mkono. "Bwana Gittens, mi nashauri hili la mia sita kwenye mauzo tuliingize kwenye kanuni. Mtoto kakosea mara moja, akatwe mara moja."

"Yonette," nikamwambia, "umepanda ndege kutoka Guyana kuja kugawa alama kama mchele wa msaada?"

Ukumbi ukacheka. Yonette hakucheka.

"Nagawa haki, dada. Sigawi mchele."

"Haki gani? Huko si kuteleza mkono. Ni akili iliyotiwa uchafu kwa makusudi. Mtu anayeamini mwenye duka ni mteja wake mwenyewe hastahili hata alama moja ya mbele. Miaka miwili tumelikataa, na mwaka huu tulikatae."

Bwana Gittens alinitazama juu ya miwani. "Madam Teelucksingh, niandike hivyohivyo?"

"Andika, na nukta weka."

Akaandika. Kisha akatukumbusha, kama anavyotukumbusha kila mwaka, kwamba uamuzi ukishaingia kitabuni hautoki mpaka mkuu wa meza alete sababu mpya, mwenyewe, amesimama mbele ya ukumbi mzima. Yonette alinikazia macho kwa muda, midomo ikamcheza kama anayetaka kusema neno. Mwisho akainamia karatasi zake.

"Haya, dada," akasema. "Mwenye macho haambiwi tazama."

Nilidhani ananitania. Uamuzi ule ulikuwa na thamani ya alama saba kwa kila karatasi, na katika mtihani wetu alama saba zinatosha kumrudisha mtoto darasani mwaka mzima, mzazi akalipa upya.

Alhamisi ikatufikia bahasha yenye karatasi thelathini na nne za shule moja. Majina hatuyaoni, tunaona namba tu. Nilianza na ya kwanza, na Mungu anisamehe, nikaipenda. Kodi ya pango imekatwa sawasawa. Uchakavu uko kwenye gari lake. Hakuna Mengineyo. Ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Nikajisemea, hatimaye kuna mwalimu aliyefanya kazi. Nikageuza ukurasa kwenda swali la tatu. Mauzo, jumlisha mia sita.

Nikafungua zote thelathini na nne moja baada ya nyingine. Mia sita, mia sita, mia sita. Darasa zima! Watoto wenye mikono safi namna hii wamelishwa takataka ileile kwa kijiko kimoja. Nilisukuma bahasha mbali na mimi.

"Alban, chukua hizi," nikasema. "Zinanitia kichefuchefu. Kata saba kila moja."

Alban Noel anatoka Grenada, na hana jambo asilolifanyia mzaha. Alikata tano, sita, kisha akaanza kutikisika mabega.

"Jamani! Jamani njooni muone kituko!"

"Nini tena?"

"Swali si la Bwana Quashie? Huyu mtoto kaandika juu hapa, 'Shangazi Doolarie, Taarifa ya Mapato.' Kamfukuza Quashie dukani! Na huyu mwingine pembeni kaandika, 'Kumbuka, Shangazi Doolarie ni mteja.' Na huyu pia. Hebu niambieni, nani huyu Shangazi Doolarie? Ana duka wapi nikakope?"

Meza nzima ikaangua kicheko. Mimi nilihisi baridi ya kiyoyozi inaniingia mgongoni. Shangazi Doolarie ni dada wa baba yangu.

Alikuwa na kijiduka mbele ya nyumba yetu Couva, dirisha moja na kaunta ya mbao. Akitaka kupika wali wa maziwa siku ya maombi, alikuwa anachukua kopo la maziwa rafuni, anazunguka upande wa wateja, anajiambia kwa sauti, "Haya Doolarie, karibu mteja," anacheka peke yake. Marehemu sasa. Miaka kumi na mbili iliyopita nilikuwa na tuisheni ya Jumamosi chini ya nyumba, kati ya nguzo zinazoiinua, viti vya plastiki arobaini na ubao mmoja. Kundi la mwaka ule lilikuwa zito. Nilieleza habari ya mwenye duka mara tano, nikatoka jasho, wakabaki wananikodolea macho, na mtihani ulikuwa wiki mbili mbele. Nikakasirika. Nikawaambia, basi sahauni yote, mfanyeni Shangazi Doolarie mteja, iongezeni kwenye mauzo, faida ghafi itatoka sawa na hakuna atakayejua. Wakajaribu. Ikatoka sawa. Wakapiga makofi.

Nikaiandika kwenye karatasi, nikatoa kopi, nikawauzia.

Pale mezani, wenzangu wakiendelea kucheka, nilijikaza kama mtu aliyekanyaga kitu kibaya barabarani na hataki watu waangalie kiatu chake. Nilijiambia kulikuwa na ukurasa wa pili. Lazima ulikuwepo. Mimi ni mwalimu, nisingeacha hivyo. Ukurasa wa pili uliwaambia hiyo ni njia ya mkato tu, wasiiandike mbele ya mtahini. Watu waliotoa kopi za kopi ndio walioupoteza. Nikatoka nje kwenye varanda, nikampigia Sherida, mke wa kaka yangu, anayekaa nyumba yetu ya Couva.

"Wifi, nifanyie hisani. Lile sanduku la bati la tuisheni, chini ya ngazi. Kuna karatasi ya Shangazi Doolarie."

"Sasa hivi? Nina kari jikoni!"

"Zima jiko."

"We Vidya we, ungekuwa mume ningekuacha." Nikasikia ndara zake zinaburuzika sakafuni, bati likilia, Sherida akipiga chafya. "Nimeipata. Kopi zimejaa, hata panya hawakuzitaka. 'Shangazi Doolarie ni mteja.' Eh, maskini shangazi! Nini sasa?"

"Nisomee ukurasa wa pili."

"Ukurasa wa pili wa nini? Upo mmoja."

"Tazama vizuri. Tafuta kwenye kopi nyingine."

"Wifi, nimeshika kama ishirini hapa. Zote ukurasa mmoja."

"Geuza nyuma."

"Nyuma umeandika bei. Dola tano."

Nikaurudishia mlango wa varanda nyuma yangu.

"Na chini hapa," Sherida akaendelea, hajui anachofanya, "kuna jina lako. V. Teelucksingh. Kubwa! Umelipigia mistari miwili kwa rula. We Vidya, kwani kuna nini?"

Nilimwambia arudi kwenye kari yake.

Chakula cha mchana kilikuwa pelau, wali wa kuku na mbaazi, chakula ninachokipenda kuliko vyote, na sikuweza kukitazama. Nilirudi mezani ukumbi ukiwa mtupu, nikazihesabu karatasi zile thelathini na nne mara mbili. Kwanza kwa uamuzi wangu wa Jumatatu: kumi na tisa walianguka chini ya mstari wa kufaulu. Kisha kwa kanuni ya namba yake mwenyewe: wote kumi na tisa walipita. Walikuwa wamebeba ile mia sita yangu mbovu kwa uaminifu mpaka mwisho, asilimia wameikokotoa barabara kwa namba niliyowapa mimi. Njia yao haikuwa na doa. Nilichefuka kuliko nilivyowahi kuchefuka, na safari hii hapakuwa na bahasha ya kusukuma mbali.

Nilimkuta Bwana Gittens anakunywa mauby, kile kinywaji kichungu cha magome, karibu na dirisha. Nilitaka jambo liishe kimyakimya, sifichi.

"Bwana Gittens, nimefikiri upya lile la Quashie. Naona tulikuwa wakali. Tulifungue tu."

Akafungua kitabu, akanisomea maneno yangu mwenyewe kwa sauti ileile anayosomea kila kitu. "'Akili iliyotiwa uchafu kwa makusudi. Hastahili hata alama moja.' Nukta. Kuna sababu mpya, Madam?"

"Huruma."

"Huruma haikuwepo Jumatatu?" Hakuwa anakejeli. Aliuliza kweli. "Nikifungua kwa huruma, kila meza itakuja na huruma yake. Leta sababu. Mbele ya ukumbi."

Saa saba na nusu watu walirudi wakijifuta midomo. Nilisimama.  Ningeweza kukaa. Watoto wale hawana majina, shule ile ni namba, na Shangazi Doolarie yuko mavumbini, hawezi kuniumbua. Na nilijua pia kinachompata mkuu wa meza anayekutwa na kosa lake mwenyewe kwenye karatasi za watoto. Jina linaondoka kwenye orodha, na watu wanasimuliana visiwa vyote.

"Uamuzi wa swali la tatu," nikasema, "naomba ufutwe. Wale watoto hawakukosea. Walifanya walichofundishwa, na wakakifanya vizuri."

"Tunajua walifundishwa," Alban akadakia kutoka mezani kwetu. "Si na yule asiye na aibu?"

"Ndiyo. Ni mimi."

Hakuna aliyecheka. 

"Shangazi Doolarie ni shangazi yangu. Karatasi niliiandika mimi, miaka kumi na mbili iliyopita, kwa uvivu na hasira. Niliiuza dola tano. Haina ukurasa wa pili."

Nikamgeukia Yonette, sijui kwa nini. Labda nilitaka aniseme, anipige kijembe kimoja tuwe sawa. Alikuwa anachezea kifuniko cha kalamu.

"Afadhali umesema," akanena polepole. "Ile karatasi iko Berbice miaka minane sasa. Kopi ya kopi ya kopi. Jina lako limefifia lakini linasomeka."

"Miaka minane? Ulijua?"

"Mi nilijua."

"Mbona hukuniambia, Yonette? Miaka mitatu nasimama hapa natukana!"

"Nilidhani unajua, unajifanya. Halafu nikaona kweli hujui. Sasa ulitaka nikutaje mbele ya watu, dada? Jumatatu nilikupa mlango. Nilisema mtoto akatwe mara moja." Akaweka kalamu chini. "Ukanijibu habari ya mchele."

Nikakaa kitini. 

Bwana Gittens hakuhutubia. Alichukua rula, akapiga mstari mmoja juu ya maneno yangu ya Jumatatu, akaandika tarehe na saa, akanipa kitabu niweke sahihi. Akatangaza kwamba kanuni ya namba yake mwenyewe itatumika swali la tatu, meza zote, karatasi zote, na waliokwisha kukata warudishe. Kalamu nyekundu zikaanza kukwaruza ukumbi mzima. Niliwarudishia wale kumi na tisa alama zao kwa mkono wangu mwenyewe, saba, saba, saba.

Nilipomaliza nikamfuata.

"Na wa mwaka jana? Na mwaka juzi?"

Akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Zile zimefungwa, Madam. Matokeo yakishatoka hayafunguliwi. Unajua."

Nilijua. Nilikuwa nimeuliza ili mtu mwingine aniambie. Miaka miwili, visiwa vyote, wote waliomfanya mwenye duka mteja: nilikuwa nimewakata mimi, kwa kosa nililowauzia mimi, na kila mwaka nikaenda nyumbani tumbo linauma, nasema wananichafua.

"Bado ripoti," akasema Bwana Gittens. Alikuwa na rasimu ya ripoti mkononi, ile ya mwaka jana, inayoanza na sifa za watahiniwa: mikono safi, vichwa vya habari kamili, jumla sahihi. Kidole chake kilikuwa kwenye ukurasa wa pili. "Hii sentensi ya mwalimu asiye na aibu. Nadhani tuitoe."

"Hapana," nikamwambia. "Iacheni kama ilivyo. Ongezeni jina tu."